Mashine Yetu, Amri Yao

Tarehe 13 Septemba, 2016, mashine nyingi za kuchapa za kampuni ya HP, zilizokuwa zikifanya kazi vizuri hadi siku ya jana yake, ziligoma. Ziligoma kwa siku moja, katika nchi mbalimbali, pasipo wenye mashine kuonana wala kupeana habari. Hapakuwa na waya uliokatika wala wino uliokwisha. Kila mwenye mashine aliambiwa na kioo kidogo cha mashine yake kwamba katriji aliyoitia ina kasoro, na sharti aiondoe. Zilizokataliwa hivyo zilikuwa ni katriji zenye chipu isiyotoka kwa HP, yaani zile za viwanda vingine ambazo watu huzinunua kwa sababu ya unafuu wa bei.

Baadaye ikajulikana kwamba amri ya kukataa ilikwisha kupenyezwa ndani ya mashine hizo siku nyingi nyuma, pamoja na marekebisho ya kawaida ya programu, ikakaa kimya kuingojea siku yake. Watu walipiga kelele. Shirika la Marekani la kutetea haki za watumiaji wa mitandao, Electronic Frontier Foundation, liliiandikia kampuni barua ya wazi kwa kalamu ya mwandishi Cory Doctorow, na maelfu ya watu wakaiunga mkono. Kabla ya mwezi ule kwisha kampuni iliomba radhi. Lakini iliomba radhi kwa kosa gani? Kwa kutowaeleza wateja wake vya kutosha! Iliahidi kutoa programu ya kukiondoa kizuizi kwa yeyote atakayeitaka. Kizuizi chenyewe ikakipa jina zuri la ulinzi, ikaendelea nacho. Mwezi Desemba, 2020, mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza kampuni hiyo faini ya yuro milioni 10, kwa kutowapa wanunuzi habari za wazi juu ya vizuizi hivi, na kwa kukusanya kutoka ndani ya mashine zao habari za katriji wanazozitumia.

Tumeanza na kisa hicho kwa sababu kinafunua jambo ambalo siku zote hufunikwa na kifuniko cha plastiki. Mtu amenunua mashine kwa fedha zake. Amepewa stakabadhi. Ameibeba mpaka nyumbani. Na bado yupo mwingine, ng'ambo ya bahari, aliyeishika hatamu yake. Je, mashine hiyo ni mali ya nani?

Wako watakaocheka kuona gazeti la chama linaacha bei ya pamba na korosho na kujisumbua na wino. Na wacheke. Mashine ya kuchapa si njia kuu ya uchumi, wala Azimio la Arusha la mwaka 1967 halikuitaja. Lakini mtihani wa majaribio wa shule ya kata huchapwa kwa mashine hizi, na muhtasari wa kikao cha tawi, na barua ya kijana ya kuomba kazi, na fomu ya mkopo ya kikundi cha akina mama. Karibu na mahakama, stendi na vyuo vya miji yetu utakuta kibanda cha steshenari, na mwenye kibanda hicho ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine wote. Chombo chake kikigoma, jioni hana cha kupeleka nyumbani. Kwa hiyo tunapoandika juu ya wino twaandika juu ya jembe la mtu.

Sasa tuitazame biashara yenyewe. Mashine ndogo ya wino huuzwa kwa bei ya chini, mara nyingine kwa bei isiyorudisha hata gharama ya kuitengeneza. Huo si ukarimu. Faida imehamishiwa katika wino, na mnunuzi huilipa kidogo kidogo kwa muda wote atakaokuwa na mashine. Mwezi Januari, 2024, huko Davos, mkuu wa HP wa wakati ule, Enrique Lores, alieleza mambo haya mbele ya televisheni bila ya kuyaficha: kwamba kampuni inapouza mashine inawekeza kwa mteja, na mteja asiyechapa vya kutosha, au asiyetumia wino wao, ni uwekezaji mbaya. Akasema pia kwamba nia yao ni kuufanya uchapaji kuwa jambo la kulipiwa mfululizo, kama mtu alipavyo kodi ya chumba. Twamshukuru kwa uwazi wake. Mwalimu wa siasa hana la kuongeza hapo: mteja ndiye shamba.

Na mavuno ya shamba hilo si haba. Katriji nyeusi ya kawaida ya HP namba 305 ina mililita 2 za wino. Kijiko cha chai huchukua 5. Chupa moja ya wino wa Epson namba 664, unaotumiwa katika mashine za tangi, ina mililita 70, yaani sawa na katriji 35 kama ile. Msomaji na aulize bei za vitu hivyo viwili katika duka la mjini kwake, achukue kalamu, agawanye mwenyewe. Huko Ulaya na Marekani wamekwenda mbali zaidi. Mtu akiingia katika mpango wa HP wa kulipia kurasa kwa mwezi, kisha akaacha kulipa, katriji aliyoletewa huzimwa kutoka mbali, hata ikiwa imejaa pomoni.

Kijisanduku hicho kina nini ndani yake? Katika katriji nyingi mna sponji iliyolowa wino. Katika aina moja, chini ya sponji hiyo kuna kichwa chenye matundu membamba mno, na nyuma ya kila tundu pana kijipande kinachopata moto kwa kufumba na kufumbua. Wino huchemka, povu hutokea, na povu hilo hulisukuma tone kwenye karatasi. Ndivyo zilivyo mashine nyingi za HP na Canon. Mashine za Epson zina njia nyingine: kichwa hukaa katika mashine yenyewe, na tone husukumwa na kijipande kinachojikunja kipatapo umeme. Huu ni ustadi mkubwa, na hatuna sababu ya kuudharau. Wahandisi na wafanyakazi waliouvumbua walistahili ujira wao.

Lakini chipu iliyobandikwa ubavuni mwa katriji haichapi hata nukta moja. Yenyewe ni karani. Kazi yake ni kuandika kwamba matone kadha wa kadha yamekwisha kutumika, na hesabu ikifika mahali ilipopangiwa, hutangaza kwamba wino umekwisha. Haiuoni wino, hukisia tu. Katriji huweza kutangazwa kuwa tupu hali bado ina wino wa kurasa nyingi. Na mtu akiijaza tena kwa mkono wake, hesabu ya karani huyo hairudi nyuma. Atazidi kusema kwamba chungu ni kitupu huku chungu kimejaa. Wako makarani wenye kalenda pia. Mwaka 2005 kampuni ya HP ilishitakiwa nchini Marekani kwa madai kwamba chipu za baadhi ya katriji zake zilipangiwa kuzima katika tarehe fulani, wino uwepo usiwepo.

Kikomo kingine watu wengi hawakijui mpaka kiwafike. Kila mara mashine inapojisafisha matundu yake, wino hutapikwa katika vitambaa vinene vilivyolazwa chini ya mashine. Mashine huhesabu na matapishi hayo. Hesabu ikitimia, mashine yote husimama, ingawa magurudumu, mota na kichwa vyote ni vizima. Tuseme kweli, sababu ipo: kitambaa kikilowa kupita kiasi, wino huweza kumwagika mezani. Lakini kitambaa ni kitambaa. Chaweza kuoshwa, chaweza kubadilishwa na fundi kwa muda mfupi. Kinachoifunga mashine ni ile namba. Huko Marekani Epson imetoa programu ya kuirudisha namba hiyo nyuma, kwa mara moja tu. Fundi wetu naye huutafuta msimbo wake kwa watu asiowajua, kisha humwomba Mungu usije pamoja na virusi. Mashine ngapi zilizotupwa nyuma ya ofisi zetu zilikufa kwa ugonjwa, na ngapi zilikufa kwa hesabu?

Mchezo huu ni wa zamani. Mwaka 1924, katika mji wa Geneva, viwanda vikubwa vya taa za umeme, wakiwamo Osram wa Ujerumani na Philips wa Uholanzi, vilifanya mapatano yaliyoitwa Phoebus. Viligawana masoko ya dunia, na vikakubaliana kwamba globu isidumu zaidi ya saa 1,000, ingawa wakati ule zilikuwapo zilizodumu zaidi ya hapo. Globu zilipimwa, na kiwanda ambacho globu zake zilionekana kuwa na maisha marefu kililipishwa faini. Mfanyakazi hodari akaadhibiwa kwa uhodari wake! Mapatano yale yalivunjwa na vita kuu ya pili, lakini fikira yenyewe haikuzikwa. Tofauti ni kwamba waya wa globu ilibidi ufanywe dhaifu ili ukatike mapema, na leo kitu huachwa kikiwa imara, kikawekewa askari wa kukikamata.

Haki hutaka tuwasikilize na wao. Makampuni husema kwamba wino mbaya huziba matundu na kuua kichwa. Ni kweli, mafundi wetu wameyaona hayo. Husema kwamba wino ukikaa miaka mingi hukauka na kubadilika. Ni kweli vilevile. Husema kwamba soko limejaa katriji bandia zenye majina ya kuibwa. Hilo nalo hatuwezi kulikanusha. Lakini hoja hizi zote zafaa kuwa onyo, hazifai kuwa pingu. Mwenye duka la mafuta huweza kumwonya dereva juu ya mafuta machafu. Hana ruhusa ya kuifunga injini. Kwenye mahojiano yale ya mwaka 2024 bwana mkuu alisema pia kwamba katriji za kigeni zaweza kuingiza virusi katika mashine. Basi na tumwulize: mdudu angepata wapi mlango, kama katriji isingewekewa chipu? Sponji iliyolowa wino haina pa kufichia virusi.

Na iwapo bado yuko anayeamini kwamba bila ya chipu mashine haiwezi kutenda kazi, mwezi Januari, 2022, ulimpa jibu. Dunia ilikuwa na uhaba wa chipu. Kampuni ya Canon ikakosa za kubandika kwenye katriji za unga wa wino za mashine zake kubwa za ofisini. Ilifanya nini? Ilizipeleka sokoni katriji zisizo na chipu, ikawaandikia wateja wake wa Ujerumani maelezo ya namna ya kulipita onyo la mashine, ikawahakikishia kwamba uchapaji hautadhurika. Njaa ilimfanya mlinzi aonyeshe mwenyewe kwamba lango halikuwa na maana.

Mahakama nazo zimesema. Kampuni ya Lexmark ya Marekani iliuza katriji kwa bei ya punguzo kwa sharti kwamba mnunuzi aitumie mara moja tu, kisha asimpe mtu mwingine ila Lexmark. Wako waliozikusanya katriji hizo tupu, nyingine kutoka nchi za nje, wakazijaza na kuziuza. Lexmark ikawashitaki kwa haki zake za uvumbuzi. Tarehe 30 Mei, 2017, Mahakama Kuu ya Juu ya Marekani iliamua kwamba kampuni ikisha kuuza kitu, haki yake ya uvumbuzi juu ya kitu kile imekwisha, kiwe kimeuzwa ndani ya nchi hiyo au nje yake. Uamuzi huo watoka katika makao makuu ya ubepari wenyewe, wala hakuna awezaye kusema kwamba majaji wale walikuwa wajamaa. Lakini tusishangilie kupita kiasi. Hukumu iliondoa kamba ya sheria, haikuing'oa chipu. Ufaransa ilijaribu njia nyingine, kwa sheria ya mwaka 2015 inayohesabu kuwa ni jinai kukusudia kufupisha maisha ya kitu ili mnunuzi arudi dukani. Na mwaka 2017 chama cha raia kiitwacho HOP kilipeleka malalamiko dhidi ya watengenezaji wa mashine za kuchapa.

Turudi nyumbani. Kujaza wino si uchawi, wala si wizi. Ni kazi ya fundi, na ina kanuni zake. Katriji yenye kichwa sharti ijazwe kabla haijakauka kabisa, maana kichwa kikipata moto pasipo wino huungua. Wino huingizwa kwa bomba la sindano, polepole, sponji ipate kuunywa. Mwenye pupa hufurisha, na rangi moja ikamwagikia nyingine. Kisha kichwa hukandamizwa juu ya karatasi laini mpaka rangi zitoke sawasawa. Wino mweusi wa chembechembe na wino wa rangi iliyoyeyuka havichanganywi, kwani vikikutana huganda na matundu yakaziba. Mashine isiachwe majuma bila kuchapa. Kuhusu karani wa kuhesabu, katika mashine nyingi za Canon za PIXMA kitufe cha kusimamisha kikibonyezwa na kushikiliwa kwa sekunde 5 au zaidi, hesabu ya wino huzimwa, na jambo hilo limo katika maelezo ya kampuni yenyewe. Na mashine inayofanya kazi vizuri isiruhusiwe kujipakulia programu mpya yenyewe usiku. Kisa cha Septemba, 2016, kiliingilia mlango huo.

Watu wa nchi maskini wamekwisha kuonyesha kwamba mikono yao yaweza kumgeuza tajiri. Nchini Indonesia mafundi wa mitaani walizitoboa mashine, wakapitisha mirija myembamba, wakatundika chupa za wino ubavuni kama maji ya mgonjwa hospitalini. Mashine zikachapa maelfu ya kurasa kwa gharama ndogo, na katriji rasmi zikabaki madukani. Epson iliona. Mwaka 2010 ilianza kuuza huko huko Indonesia mashine iliyotengenezwa kiwandani pamoja na matangi ya kujazwa kwa chupa. Ulaya na Marekani walingoja miaka kadhaa baadaye ndipo wakaletewa. Mashine hizo za tangi ndizo leo zinazowalisha wengi wa wenye steshenari zetu. Bei yake ya kununulia ni kubwa zaidi, na hapo ndipo maskini hunaswa: asiyekuwa na fedha za kutosha leo hununua ile ya bei ndogo, akailipa mara nyingi kesho.

Lakini mwananchi wa kawaida ana udhuru. Ofisi haina. Ofisi ya umma inayonunua mashine ya bei ya chini kabisa kwa sababu fungu la vifaa ni dogo, huku fungu la wino likiachwa wazi, haikubana matumizi. Imehamisha tu mahali pa kuvuja. Twawajua pia mafundi wasio waaminifu. Fundi anayejaza katriji kwa wino wake na kusema wazi kwamba imejazwa, huyo anafanya kazi halali. Anayeitia katika boksi lenye nembo ya kuigiza na kuiuza kama mpya ni mwizi, na Tume ya Ushindani inapomkamata inatutetea sisi. Twaomba tu watu hao wawili wasichanganywe. Makampuni hupenda sana wachanganywe, kwani fundi akisha kuitwa mwizi, kazi ya chipu imekuwa kazi ya polisi.

Kwa hiyo twasema waziwazi. Sheria zetu za kumlinda mlaji zitamke kwamba kujaza tena katriji iliyonunuliwa, na kuirudisha nyuma hesabu ya mashine iliyonunuliwa, ni haki ya mwenyewe. Vyuo vya VETA viifundishe kazi hii kama vinavyofundisha kutengeneza magari, vijana waache kuiokota vichochoroni. Wakala wa Huduma ya Ununuzi Serikalini na halmashauri zetu walinganishe gharama ya kurasa elfu kumi, badala ya bei ya boksi.

Ofisi za chama na za vyama vya wafanyakazi hazina haja ya kuingoja sheria. Katibu anayekwenda kununua mashine mwezi huu amwulize muuzaji: Je, inakubali wino wa mtu mwingine? Hesabu ya vitambaa ikitimia, nani anaifungua, na kwa shilingi ngapi? Je, itafanya kazi bila ya kuunganishwa na mtandao? Majibu hayo yaandikwe juu ya stakabadhi na yatiwe sahihi. Muuzaji akikataa kutia sahihi, katibu aende duka la pili.